Mstari wa Nne

Wifi yangu hukiosha kikombe kabla chai haijamshuka vizuri tumboni. Namwambia kila mara, "Kaa kwanza, wifi, kikombe hakikimbii," naye hutabasamu tu huku bomba likimwagika. Akiinuka, kiti hurudi chini ya meza. Akilala kwangu, asubuhi shuka limekunjwa na godoro limenyooshwa, na ukiambiwa chumbani mle mlilala mtu utabisha. Watu husema ni usafi. Mimi tangu zamani nilisema kwamba mtu asiyeacha alama popote ana jambo lake.

Alikulia kwenye nyumba za kupanga. Mama yake alikuwa mshonaji, na walihama kila mwenye nyumba alipochoka na kelele za cherehani. Kila walipohama mama alimkabidhi ufagio na kumwambia asiache hata uzi sakafuni, wasije wakafuatwa na lawama. Alinisimulia hayo mwenyewe, bila kujihurumia, siku za kwanza za ndoa yake na kaka yangu. Nilimsikiliza nikamhurumia kidogo, halafu nikajiuliza mbona ananieleza mapema hivi.

Tulijikuta sote watatu kwenye kampuni moja ya kusafirisha vifurushi. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Mimi nilikuwa karani wa ratiba: kila alasiri nilichapa karatasi inayosema nani anaendesha gari gani, njia ipi, mchana au usiku, kisha nikaibandika kwenye ubao karibu na geti. Wifi alikuja mwisho, kutunza kompyuta. Kuna dereva tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, naye alipomwona siku ya kwanza aliniambia, "Bado babu yenu tu, naye mleteni alinde geti."

Chumba chake kilipakana na changu. Zamani kilikuwa stoo ya matairi, na harufu ya mpira haikutoka hata baada ya kupakwa rangi. Alikaa humo na feni, na kioo cheusi kilichojaa maandishi meupe. Hakuna picha, hakuna vitufe vya rangi. Wengine sisi tunabofyabofya. Yeye aliandika amri kwa vidole, akagonga kitufe cha mwisho, na kitu kikatendeka mahali nisipopaona. Kazi ya namna hiyo ilinitia wasiwasi. Mtu akichapa karatasi naiona karatasi.

Siku moja nilimuuliza anafanya nini hasa. Akanieleza kwa upole, kama anavyoeleza mambo yote.

"Kila programu ina chumba chake. Tunaiita kontena. Chukulia mpangaji anayehamia na jiko lake, godoro lake na taa yake. Haombi chumvi kwa jirani. Akiharibu, ameharibu kwake."

"Na akihama?"

"Inategemea. Wengine wakitoka huacha takataka zao mpaka uende ukafagie. Wengine unawaambia tangu siku ya kuingia: siku ukitoka, utoke na kila kilicho chako, isibaki hata alama."

Alilisema hilo la mwisho kwa raha mno, nikaliweka moyoni.

Kwa kuwa programu ya ratiba ilikuwa na tabia ya kukwama, alinifundisha amri mbili za kunisaidia asipokuwepo. Moja ilikuwa ya kuwaamsha wapangaji waliolala. Nyingine, *docker ps*, ilileta orodha ya kontena zinazofanya kazi wakati huo. Orodha ilikuwa na mistari mitatu siku zote: ratiba, mizigo, kumbukumbu. Nilizizoea kama watoto wa jirani.

Alasiri moja ratiba ilikwama na wifi alikuwa ametoka kunawa uso. Nikaingia chumbani kwake, nikaandika amri yangu ya orodha, na ikaja mistari minne. Wa nne uliitwa *mchana*. Sikuwa nimewahi kuuona. Nikavuta kiti nikae niusome vizuri, nikagonga tena, na ikaja mitatu. Nikagonga mara nyingine, mitatu. Nikaanza kudhani macho yangu yana walakini.

Wifi alirudi uso ukiwa bado una maji.

"Mchana ni nani?" nikamuuliza.

Alisita. Kusita kwenyewe kulikuwa kudogo, lakini kuona vidogo ndizo kazi zangu.

"Majaribio tu, wifi," akasema. "Naijaribu kisha inajifuta yenyewe."

"Imejifuta haraka."

"Ndiyo ilivyo." Akakirudisha kiti nilichovuta.

Toka siku hiyo nikakaa chonjo. Kila alasiri, muda mfupi kabla ya mimi kuchapa, nilisikia vidole vyake kupitia ukuta: mfululizo mmoja wa haraka, kimya kidogo, basi. Nikichungulia namkuta amekaa kama mtu anayesubiri maji yachemke. Halafu ananiambia, "Chapa sasa, wifi." Mbona nisichape kabla? Siku niliyojaribu kuchapa mapema aliniambia mtandao haujatulia. Mtandao gani huo, unaotulia akishagonga yeye?

Wakati huohuo madereva walianza kunitupia maneno. Safari za usiku hazipendwi na mtu. Usingizi, barabara haina taa, malori yanayokuja yanakumulika usoni. Ratiba ilitakiwa kuwazungusha wote sawasawa. Redio ndiye aliyeanza kusema kwa sauti kwamba kaka yangu hakumbukwi na usiku hata kidogo.

"Inapanga kompyuta," nikamwambia. "Mimi nachapa tu."

"Kompyuta haina kaka," akanijibu mbele ya wenzake wote. "Wewe unaye."

Walicheka. Mimi nilirudi ofisini nikiwa nimefura, nikazitoa ratiba za nyuma nikazipanga mezani. Mropokaji yule alikuwa anasema kweli. Jina la kaka lilikuwa upande wa mchana kila karatasi. Na mchana ndilo jina nililoliona kwenye ule mstari. Hapo haikuhitaji shule kubwa kujua ni vidole vya nani. Nisichojua ni sababu, na sababu zilizonijia hazikuwa nzuri. Labda ana mtu, na mumewe akiwa njiani mchana yeye anapata nafasi. Lakini yeye mchana yuko kazini na mimi namchungulia. Labda basi ni kaka mwenyewe, ana mke mwingine wa usiku, na huyu maskini anatumika bila kujua. Nililigeuza jambo kila upande na kila upande lilinuka.

Halafu kaka akaanza wema. Mlango wangu ulikuwa na bawaba mbovu, na nilikuwa nimemwomba autengeneze mpaka nikachoka kuomba. Ghafla siku yake ya mapumziko akaja na nyundo, akautengeneza. Siku nyingine akapanda juu ya paa, akaziba linapovuja. Akanibebea mtungi wa gesi mpaka jikoni, akakataa hata soda.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Kwani mtu hawezi kumsaidia mdogo wake?"

Hawezi, nikasema moyoni. Si bure. Namjua kaka yangu tangu tunagombania ukoko wa sufuria. Nikajua kuna ombi linakuja, nikalisubiri, halikuja, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Nikaenda kwao kuwatembelea ili nione kwa macho. Jua lilikuwa linazama na nyumba ilikuwa inawaka taa kila kona: barazani, ukumbini, hadi kwenye kijia cha chooni. Kila ngazi ilikuwa imepakwa mstari mweupe ukingoni. Nikauliza kulikoni.

"Ni mimi," wifi akasema. "Naogopa giza."

"Tangu lini?"

"Uzee unakuja, wifi yangu."

Kaka alicheka, akasema mkewe siku hizi amekuwa mtoto mdogo. Tukiwa tunaongea umeme ukakatika. Kabla sijaipata simu yangu mkobani, wifi alishainuka na mkono wake ulikuwa begani kwa kaka. Mtu anayeogopa giza alikuwa ndiye wa kwanza kusimama ndani yake. Kaka alisema, "Usiogope, niko hapa," naye akajibu, "Asante." Nikaona ni mahaba ya kuonyeshwa mimi. Nikaaga mapema, nimekasirika, sijui hata nimekasirikia nini.

Msimamizi wa safari aliniita ofisini kwake siku chache baadaye. Alisema malalamiko yamezidi, na kwamba akiona tena ratiba ya upendeleo mimi ndiye nitakayekwenda kuhesabu maboksi ghalani, maana karatasi inatoka mikononi mwangu. Sikumtaja wifi. Nilitaka kwanza nimnase mwenyewe, nimuulize uso kwa uso kwa nini unga wangu umwagike kwa ajili ya siri yake.

Kabla sijapata nafasi hiyo, akaugua tumbo. Lilimshika asubuhi, kaka akamkimbiza hospitali ya jirani, wakamlaza na kumtundikia maji. Haikuwa hatari, walisema, ila asitoke mpaka kesho. Kaka akarudi kazini mchana, akaanza kulisafisha lori lake uani. Nami nikakaa na chumba cha wifi kikiwa kimya upande wa pili wa ukuta. Nikajisemea, leo tutaona.

Alasiri nikaifungua ratiba. Kaka yangu alikuwa usiku. Njia ya milimani, ile ya kona nyingi, kuondoka giza likiingia.

Nilifurahi, na sitaficha hilo. Ushahidi ulikuwa wazi sasa: vidole vimelazwa hospitali na kompyuta imepanga kama inavyopanga kwa watu wote. Nilikuwa ninaunyoosha mkono nichape simu ilipolia.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemficha muuguzi. "Umechapa?"

"Bado."

"Usichape. Nenda chumbani kwangu, ukae mbele ya kioo. Kuna amri nataka uniandikie."

Nikaenda. Nikakaa kwenye kiti chake, chenye mto uliokunjwa vizuri.

"Andika docker. Acha nafasi. Run. Acha nafasi. Vistari viwili, halafu r, m."

"Hiyo r m ya nini?"

"Ya kufagia. Ikimaliza ijifute. Acha nafasi."

Alinitajia herufi nyingine, nami nikaziandika moja moja kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Ilikuwa ndefu. Mwishoni akasema, "Sasa andika mchana. Halafu gonga."

Neno lilikuwa pale, mwisho wa mstari, na alama ndogo ikiwaka na kuzima mbele yake. Sikugonga.

"Umegonga?"

"Sijagonga. Na sigongi mpaka uniambie mle ndani mna nini."

"Wifi, hakuna muda."

"Muda upo. Wewe umelala, mimi nimekaa. Miezi yote hii nimetukanwa na madereva kwa ajili yako. Nakaribia kuhamishiwa ghalani kwa ajili yako. Ukinificha hata nusu naifuta hii amri na kuchapa karatasi yangu."

Nikasikia anavuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na kitoroli kinachopita kikigongana na kitu.

"Inaingia kwenye ratiba," akasema. "Inamtafuta kaka yako. Ikimkuta usiku inambadilishia na mwingine wa mchana. Basi. Halafu inatoka."

"Hilo nalijua zamani. Nakuuliza kwa nini."

"Haoni usiku."

Sikumwelewa, au sikutaka. Nikamwambia aseme tena.

"Haoni, wifi. Mchana yuko sawa kabisa. Jua likizama ni kama mtu kamfunika nguo usoni. Nilianza kumwona anapapasa ukuta kwenda chooni. Siku moja nimesimama mbele yake barazani, namtazama, akaniita kwa sauti kana kwamba niko jikoni. Hajaniambia. Anadhani sijui. Nami sikutaka ajue kuwa najua, unamjua kiburi chake, angevunjika. Nikasema naogopa giza ili niweke taa."

Zile taa zote. Ule mkono begani. Nilijisikia nimemwagiwa maji ya baridi, na kwa kuwa mimi nikishtuka hukasirika, nikamkasirikia.

"Kwa hiyo ulikuwa unamwacha aendeshe."

"Mchana tu."

"Na gari likiharibika njiani? Jua likimzamia kabla hajafika?"

Nilisikia kitanda chake kikilia.

"Nalifikiria hilo kila siku mpaka nisikie honi yake getini," akasema, na sauti yake ikakatika. "Sikuwa na njia nyingine, wifi. Lori ndiyo heshima yake. Gonga, tafadhali. Leo tu. Nikitoka hapa tutazungumza."

Nilikitazama kitufe. Kilikuwa kimechakaa kuliko vingine vyote, herufi zake zimefutika kwa kidole chake. Ningeweza kugonga. Kaka angelala kwake, Redio angenisema, kesho yake tena tungefanya hivyo hivyo, na mimi sasa ningekuwa wa pili kusubiri honi. Nilimpenda wifi wakati ule kuliko siku yoyote tangu aolewe, na sikugonga. Nilishika kile kitufe cha kufuta nikakikandamiza mpaka mstari ukaisha.

"Pumzika," nikamwambia. "Nitakuja na kaka."

Nikachapa karatasi, lakini sikuipeleka ubaoni. Niliipeleka uani. Kaka alikuwa anafuta kioo cha mbele cha lori, anakifuta kwa bidii kana kwamba kasoro ni ya kioo. Nikampa. Jua bado lilikuwepo, akaisoma bila shida.

"Sawa," akasema.

"Utakwenda?"

"Kazi ni kazi."

"Njia ya milimani?"

Aliikunja karatasi polepole. Halafu akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau, wala si ya hasira.

"Nimekuudhi nini, mdogo wangu? Umenipangia mchana muda wote huu, sikukuuliza, nikajua umeshaniona ninavyopapasa gizani. Nikasema nikutengenezee hata mlango. Leo umenichoka?"

Basi hilo ndilo lilikuwa ombi nililokuwa nalisubiri. Bawaba, paa, mtungi wa gesi. Alikuwa ananishukuru kwa jambo nisilolifanya, huku mimi namchungulia kama mwizi. Nikalia pale pale mbele ya lori, mimi ambaye watu husema sina machozi.

"Si mimi," nikamwambia.

"Ni nani basi?"

Nilinyoosha mkono anipe funguo za lori. Alizipangusa funguo kwa kitambaa kile kile cha kioo, na nilidhani atanikatalia. Lakini hakuziweka mkononi mwangu. Alipita kando yangu, akaenda nazo mwenyewe hadi kwa msimamizi, nami nikamfuata nyuma nikasimama mlangoni.

"Macho yangu hayafai tena," akamwambia. "Usiku sioni. Mtafute mwingine." Msimamizi alifungua mdomo, akaufunga, akazipokea. Redio ndiye aliyepewa safari. Alikuja amejaa maneno, akamkuta kaka amekaa kwenye ngazi ya ofisi ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona akizimika.

Tulikwenda hospitali kwa miguu, si mbali. Giza lilikuwa linaingia. Baada ya kona ya kwanza alinishika kiwiko, kwanza kwa vidole viwili, kisha kwa mkono mzima. Nikawa namwambia kuna shimo, kuna jiwe, kuna baiskeli.

"Mke wangu asijue," akasema. "Nitamwambia mwenyewe, pole pole. Yule mwenyewe anaogopa giza, nikimwongezea na hili atachanganyikiwa."

Nikamwambia kuna mtaro.

Ukumbi wa wodi ulikuwa na taa moja tu, nayo mbali. Tulipokaribia mlango wa chumba cha wifi, kaka aliniachia kiwiko, akanyoosha shati na kuinua kichwa, akatanguliza mguu kama mtu anayeona. Wifi alikuwa amekaa kitandani, akituangalia tangu tulipotokea. Shuka lake lilikuwa limekunjwa vizuri miguuni, na kikombe cha uji juu ya kabati kilikuwa kimeshaoshwa. Aliutazama uso wangu, akajua sikugonga. Kisha akautazama ule mguu uliotangulia hewani.

"Usimwachie, wifi," akasema. "Hapo kuna ngazi."